Umeuliza ChatGPT Kuhusu Kesi ya Shamba? Fanya Haya Kabla ya Kwenda Barazani

Maswali yanayoletwa ni yaleyale. Mkulima wa Igurusi amechapiwa kurasa nne steshenari, zimejaa vifungu na majina ya kesi, anauliza kama azipeleke Baraza la Ardhi. Mfanyakazi wa shamba la chai Mufindi kaambiwa na simu kwamba ana mwaka mzima wa kulalamikia kuachishwa kazi. Mjane wa Tukuyu kaelekezwa Mahakama ya Kadhi, ambayo ukiwa Tanzania Bara hutaiona kwenye ngazi za mahakama zetu. Wote waliuliza akili mnemba, wote walijibiwa kwa Kiswahili kizuri, na wote walijibiwa vibaya.

Mwongozo huu haukukatazi kutumia ChatGPT, Gemini au Meta AI iliyomo ndani ya WhatsApp. Zinafaa kupanga maelezo yako, kukufafanulia barua ngumu na kukuandalia maswali ya kumuuliza wakili. Ila mambo matatu usiyachukue kwazo bila kuyahakiki: shauri linaanzia wapi, una siku ngapi, na kesi ipi ya kuegemea. Kati ya hayo, la siku ndilo linalomaliza watu kimyakimya. Kesi ya kubuni hakimu ataigundua na kukukaripia. Siku zikishapita, mara nyingi hata hamfiki kwenye kusikilizana.

Sababu yenyewe ni fupi. Chatboti, yaani programu hizi za kujibu maswali, hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, halafu huyatoa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Hata ile inayotafuta mtandaoni huokota inachokikuta: sheria ya zamani, makala ya Kenya, maoni ya mtu tu. Yaliyomo humu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao za ardhi na mahakama zao.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Nyaraka zote za jambo lako mezani: hati ya mauziano, muhtasari wa kikao cha kijiji, Hati ya Hakimiliki ya Kimila kama ipo, barua ya kuachishwa kazi, nakala ya hukumu, cheti cha kifo. Picha za simu hazitoshi, hasa zile ambazo muhuri hausomeki.
- Karatasi moja tupu kwa ajili ya tarehe.
- Kalamu nyekundu.
- Simu yenye bando la kufungua faili za PDF. Kama uko Makete au Ludewa ndani ndani na mtandao unasuasua, pakua ukiwa mjini.
- Mtu mmoja wa kumuuliza mwishoni: wakili, au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa.

Hatua ya 1: Andika tarehe kabla hujaigusa simu

Kwenye karatasi yako andika tukio na siku yake: barua niliipokea lini, hukumu ilisomwa lini, jirani aliingia shambani lini. Iandike kutoka kwenye nyaraka, usiiandike kwa kukumbuka. Kisha linganisha na hii:

- Kuachishwa kazi isivyo halali: siku 30 kufungua mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine ya kazi, kama mishahara isiyolipwa: siku 60.
- Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya: siku 30.
- Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu: siku 45.
- Kudai ardhi iliyochukuliwa: miaka 12.
- Madai yanayotokana na mkataba: miaka 6. Fidia ya madhara, mfano kugongwa au kuharibiwa mali: miaka 3.

Kama zimebaki chini ya siku kumi, acha kusoma hapa, ruka hadi hatua ya 9 leo hii. Na usikae unasubiri nakala ya hukumu huku siku zinakwenda. Iombe kwa barua siku ileile iliposomwa, ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Usiiachie chatboti ikuhesabie siku. Haijui barua ilikufikia lini, wala haitakuuliza.

Hatua ya 2: Ficha majina

Ukiongea na wakili, sheria inalinda siri ya mazungumzo yenu. Mazungumzo yako na chatboti hayana kinga hiyo. Yanabaki kwenye akaunti yako, kwenye mitambo ya kampuni husika, na kwenye simu ambayo siku moja inaweza kuombwa kama kielelezo. Mwaka 2025 mazungumzo ya ChatGPT ambayo watu waliwashirikisha wenzao kwa kiungo (linki) yalianza kuonekana kwenye utafutaji wa Google, hadi kampuni ikakiondoa kipengele kilichoruhusu hilo.

Kwa hiyo andika "Muuzaji", "Mke wa muuzaji", "Jirani". Usiweke namba ya NIDA, namba ya simu, jina la kijiji, wala picha ya hati yenye sahihi za watu. Taarifa za mtu mwingine si zako za kugawa: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na Meta AI usiiite ndani ya grupu la ukoo wakati mnagombea mirathi. Kila aliyemo anasoma hoja zako kabla hujazifikisha mahakamani.

Hatua ya 3: Uliza swali lenye mipaka

Swali la "nifanyeje?" huzaa hadithi. Andika namna hii:

"Niko Tanzania Bara, mkoa wa Iringa. Ardhi ni ya kijiji. Usinipe majina ya kesi. Usitumie sheria za Kenya wala Zanzibar. Niorodheshee maswali ambayo wakili ataniuliza kuhusu jambo hili, na nyaraka atakazotaka kuziona."

Maswali ndiyo kazi inayoiweza vizuri. Ukiiomba uamuzi itakupa uamuzi, na aghalabu utakuwa unakupendelea wewe uliyeuliza.

Hatua ya 4: Soma jibu na kalamu nyekundu mkononi

Chukua mfano tuliotunga kwa kufundishia. Mtu amenunua shamba la miti ekari tano Mufindi. Muuzaji amefariki, mtoto wake anadai shamba ni la familia. Anauliza, anajibiwa hivi:

"Kwa kuwa ulinunua shamba kihalali, wewe ndiye mmiliki. Fungua shauri Baraza la Kata kama thamani haizidi shilingi milioni tatu, au Mahakama ya Mazingira na Ardhi kama inazidi. Mshitaki mtoto wa marehemu. Mahakama ya Rufani ilikwishaamua mwaka 2014 kwamba mnunuzi mwenye nia njema hawezi kunyang'anywa ardhi. Una muda wa miaka sita."

Sentensi tano, na kila moja ina la kupigiwa mstari.

"Ulinunua kihalali": nani kasema? Haijauliza kama halmashauri ya kijiji ilihusishwa, kama muuzaji alikuwa na mke na mke huyo aliridhia, wala kama shamba lilikuwa lake peke yake. Hapo ndipo kesi za mashamba ya miti zinapochanikia, na jibu limeyaruka yote hayo.

"Milioni tatu" ni sheria ya kabla ya mwaka 2021. Zamani Baraza la Kata liliamua migogoro ya ardhi hadi kiwango hicho. Siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu. Ukiona milioni tatu kwenye jibu lolote, ujue umepewa makala ya zamani.

"Mahakama ya Mazingira na Ardhi" iko Kenya. Dalili nyingine za Kenya ni neno kaunti, chifu wa lokesheni, Katiba ya 2010, Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Ukiiona moja, usiyaamini hata yaliyobaki.

"Mshitaki mtoto": mambo ya mali ya marehemu hujibiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama mtoto mwenyewe kaingia na kukata miti, hiyo ni hoja nyingine. Chatboti haikutofautisha. Ukimshitaki asiye sahihi, shauri linaweza kuanguka na gharama zikawa zako.

"Mwaka 2014": hakuna jina la kesi wala namba. Huo ni uvumi. Na miaka sita ni ya mkataba. Kudai ardhi ni kumi na miwili.

Fanya vivyo hivyo kwa jibu lako. Pigia mstari kila jina la mahakama au baraza, kila namba ya siku au miaka, kila kifungu, kila kesi, na kila pale ilipokuhukumia jambo bila kukuuliza.

Hatua ya 5: Hakiki mlango wa kuingilia

Mgogoro wa ardhi: unaanza kwa usuluhishi Baraza la Kata. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakusikiliza mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, unaweza kuendelea hata bila uthibitisho huo. Tunza ushahidi wa siku uliyopeleka lalamiko.

Talaka: kwa kawaida hupokelewi mahakamani bila hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Chatboti huiruka hatua hii mara kwa mara, inakupeleka moja kwa moja kwenye "ombi la talaka".

Mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu: Mahakama ya Mwanzo. Beba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo.

Kazi: CMA, kwa fomu CMA F.1.

Kuishitaki serikali ya kijiji au halmashauri: hapa simama kabisa. Panahitajika notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri huenda Mahakama Kuu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020 utaratibu huu unagusa pia serikali za mitaa, na majibu mengi ya chatboti hayaujui. Usijaribu bila wakili.

Hatua ya 6: Hakiki kifungu

Fungua tanzlii.org, maktaba ya sheria na hukumu za Tanzania iliyo wazi bure. Tafuta sheria kwa jina na usome kifungu chenyewe, si muhtasari.

Tahadhari moja: Toleo la Urekebu la mwaka 2023 la sheria zetu, yaani sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na katika baadhi ya sheria namba za vifungu zimehama. Kifungu ambacho chatboti imekipata kwenye hukumu ya 2018 kinaweza kuwa na maneno yaleyale lakini namba nyingine. Ukikuta namba haisemi ulichotarajia, tafuta kwa maneno.

Kama sheria iko kwa Kiingereza na kinakupa taabu, hapo chatboti ina kazi halali: nakili kifungu chote, kibandike, iombe ikufafanulie bila kuongeza chochote. Kisha mpe msaidizi wa kisheria tafsiri hiyo pamoja na Kiingereza chake.

Hatua ya 7: Hakiki kila kesi, moja baada ya nyingine

Anza kwa kujizoeza na kesi ambayo ipo. Tafuta Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 uliotambua kazi za nyumbani za mke kuwa mchango katika mali ya ndoa. Ukishaona hukumu halisi inavyokaa (majina ya majaji, mji iliposomwa, namba ya rufaa), ya bandia itapata shida kukudanganya.

Kwa kila kesi uliyopewa:

a) Tafuta majina ya wahusika TanzLII.
b) Linganisha namba, mwaka na mahakama. Hukumu za mtandaoni huwa na alama kama [2019] TZCA ikifuatiwa na namba. TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu.
c) Angalia mtego huu: namba ipo kweli, ila kesi yake ni ya unyang'anyi wa kutumia silaha wala haihusiani na shamba. Akili mnemba hubandika namba ya kweli kwenye kesi isiyokuwepo.
d) Ikipatikana, soma mwisho wake. Nani alishinda? Hoja uliyopewa ni ya mahakama, au ni ya wakili wa upande ulioshindwa ambayo mahakama iliikataa?

Usiiulize chatboti yenyewe kama kesi ni ya kweli. Wakili mmoja wa New York alifanya hivyo katika shauri la Mata dhidi ya Avianca: ChatGPT ikamthibitishia kwamba kesi zipo. Hazikuwepo. Juni 2023 mawakili wawili na ofisi yao wakatozwa faini ya dola 5,000. Na usidhani ni mambo ya mawakili tu. Desemba mwaka huohuo, mama mmoja aliyejitetea mwenyewe kwenye baraza la kodi la Uingereza, shauri la Harber, aliwasilisha kesi tisa. Zote zilikuwa za kubuni. Baraza lilikubali kwamba hakujua, lakini rufaa yake haikupona.

Kama hujaiona hukumu kwa macho yako, iache. Madai yenye nyaraka nzuri bila kesi hata moja yana uzito kuliko yenye kesi kumi za hewani.

Hatua ya 8: Chunga unachotia sahihi

Hati ya kiapo ni maneno yako mwenyewe uliyoyaapia kuwa kweli. Chatboti ikikuandikia "nilikuwepo siku ya mauziano" na hukuwepo, aliyedanganya mahakama ni wewe. Soma aya kwa aya, futa kila usichokijua mwenyewe, na pale ulipoambiwa na mtu mtaje aliyekuambia. Angalia pia mwisho: lazima kuwe na sehemu ya uthibitisho, na mahali ambapo kamishna wa viapo ataandika jina lake, mahali na tarehe. Violezo vya chatboti huacha sehemu hizi au huzipanga kwa mtindo wa nchi nyingine, na kiapo chenye kasoro kinaweza kutupwa kabla hujasikilizwa.

Kuhusu steshenari zilizo jirani na mahakama: kuchapiwa ni sawa. Kulipa mtu asiye wakili akuandalie hati za kesi ni jambo jingine, na kwake ni kosa kisheria. Vishoka wa zamani walinakili hati za kesi za watu. Wa sasa wanabandika swali lako kwenye ChatGPT, wanaweka mistari mizito, wanakutoza. Ukijiandikia mwenyewe, weka jina lako kwenye sehemu ya aliyeandaa hati.

Hatua ya 9: Mpelekee mtu

Beba karatasi ya tarehe, nyaraka na lile jibu lenye wino mwekundu. Usilifiche jibu, mwenye kujua atakuonyesha kwa dakika kumi kilichooza.

Usaidizi wa bure upo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Anzia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, uulize wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa kwenye kata. Wao watakuelekeza na kukuandaa. Kusimama mahakamani kama wakili si kazi yao. Chama cha Mawakili Tanganyika kina matawi ya kanda, na mtu akijiita wakili unaweza kumhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujatoa hata shilingi.

Mwombe ajibu mambo manne tu: mlango ni upi, siku ya mwisho ni ipi kwa tarehe kamili, nimshitaki nani, na ushahidi gani unapungua.

Ikikwama

*Kesi haionekani TanzLII.* Si hukumu zote zimepakiwa, hasa za zamani na za ngazi za chini. Lakini ikiwa inadaiwa ni ya Mahakama ya Rufani ya miaka ya karibuni na haipo kwa jina wala kwa namba, ichukulie kuwa ya kubuni.

*Jibu linabadilika kila nikiuliza.* Ndivyo inavyofanya kazi. Usichague linalokupendeza. Pale majibu yanapopishana ndipo pa kumuuliza wakili kwanza.

*Inanikubalia kila kitu.* Fungua mazungumzo mapya, jifanye wewe ni upande wa pili: "Mtu anadai alinunua shamba kwa marehemu baba yangu, nimpingeje?" Utakayoyasoma ndiyo utakayokutana nayo barazani.

*Nimeshawasilisha hati yenye kesi nisiyoihakiki.* Usisubiri upande wa pili uigundue. Nenda masjala uliza utaratibu wa kurekebisha au kuondoa hati, na siku ya kutajwa shauri, wewe mwenyewe mweleze hakimu au mwenyekiti wa baraza, kwa maneno machache.

*Siku zimepita.* Unaweza kuomba kuongezewa muda. CMA kuna fomu yake, CMA F.2. Mahakama zetu hutaka maelezo ya kila siku uliyochelewa, na kutojua sheria hakukubaliki kuwa sababu, kwa hiyo "simu iliniambia nina mwaka" haitakufikisha mbali. Kusanya vinavyoonyesha ulikuwa wapi: karatasi za hospitali, barua zenye muhuri, risiti za nauli. Na ombi lenyewe lipeleke upesi, maana siku unazotumia kuliandaa nazo zitahesabiwa.